Raha ya Kujipambanua: Mji, Ngoma na Kinywaji katika Historia ya Kilindini

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi yahusuyo historia ya mwambao wa Afrika ya Mashariki, mashindano ya watu wa mji mmoja kwa mavazi, ngoma, karamu na vinywaji hutajwa kwa haraka, kama mambo ya pembeni yasiyostahili kuwekwa pamoja na biashara, vita na utawala. Maofisa wa kikoloni waliyahesabu kuwa upotevu wa fedha na wakati. Wanazuoni wa mji nao, kwa sababu zao tofauti, waliyakemea. Hata hivyo mashindano hayo hayakukoma; yalibadili sura tu, kizazi baada ya kizazi. Jambo linalodumu hivyo, na ambalo watu maskini walikuwa radhi kuingia deni kwa ajili yake, halina budi kuwa na maana kubwa kuliko upuuzi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza maana hiyo kwa mfano wa mahali pamoja, yaani Kilindini, katika kisiwa cha Mombasa. Hoja yake ni kwamba raha ya kujipambanua, kama ilivyojulikana huko, haikuwa raha ya mtu kuwa peke yake. Ilikuwa raha ya kuonekana na watu walioijua alama na kuweza kuipima. Kwa hiyo ilihitaji mshindani wa kiasi chako, na ilihitaji mashahidi. Pale sheria ilipoingia kati na kuamua nani aruhusiwe kuvaa alama gani, raha hiyo iligeuka kuwa dai la haki.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi wa kwanza. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyejitokeza kati ya wenziwe, na maneno hayo hayalingani kwa uzito. Kujitenga ni aibu, kwani mwenye kujitenga amewaacha watu. Kujiona ni aibu vile vile, kwani mwenye kujiona hahitaji macho ya mtu mwingine; yake yamemtosha. Kuringa hulaumiwa na husamehewa, hasa kwa kijana. Lakini kutamba ni neno lenye nyuso mbili: mwenye kutamba huweza kuwa mwenye majivuno, na huweza kuwa bingwa aliyetoka mbele ya kadamnasi akasema analoweza kulithibitisha. Tofauti iliyopo kati ya maneno haya ni kuwepo au kutokuwepo kwa watu. Aliyejipambanua mbele ya watu ana nafasi ya kusifiwa. Aliyejipambanua dhidi ya watu hana.

2. Kilindini na Mvita

Jina Kilindini latokana na kilindi, maana yake maji yenye kina kirefu. Wenyeji wa Mombasa waliujua mkondo huo wa magharibi ya kisiwa kwa kina chake karne nyingi kabla ya wahandisi kuupima. Kwa muda mrefu, hata hivyo, jahazi zilitia nanga upande wa pili, katika bandari ya mji wa Mvita, penye Ngome iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Upande wa Kilindini ulikuwa na mji wake na watu wake, Wakilindini, ambao mapokeo yanawahesabu kuwa walifika kisiwani baadaye kuliko watu wa Mvita.

Waswahili wa Mombasa walijigawa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Fungu la pili ni Tisa Taifa, ambalo ndani yake wamo watu wa Mvita, Jomvu, Mtwapa, Kilifi, Pate, Faza, Shaka na wengineo. Kwa pamoja waliitwa Thenashara Taifa. Kila fungu lilikuwa na wakubwa wake, na kila moja lilikuwa na marafiki wake bara: Thelatha Taifa walihusiana zaidi na Wadigo na Waduruma, na Tisa Taifa walihusiana na Wagiriama, Warabai na jamaa zao. Mtu aliyetaka kuitawala Mombasa, akiwa Mmazrui au Mbusaidi, alilazimika kuyajua mafungu haya na kuyapa kila moja heshima yake. Utawala wa Wamazrui ulipokwisha mwaka 1837 na mji kuingia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan, mgawanyo huo uliendelea kutambuliwa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mafungu mawili haya yalikuwa ya watu wa dini moja, lugha moja na desturi zinazofanana kwa karibu kila jambo. Walioana na kufanya biashara pamoja. Tofauti zao zilikuwa ndogo, na kwa sababu zilikuwa ndogo zilitunzwa kwa bidii. Wageni waliotoka mbali hawakuziona. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alivutiwa na watu wa Mombasa kwa mavazi yao mazuri ya hariri na dhahabu; kwake wote walikuwa watu wa fahari. Mwenyeji wa mji angetazama hariri ile ile akauliza imefungwaje, imevaliwa na nani, na katika shughuli ya upande gani. Alama ya kujipambanua husomwa na jirani. Mgeni huona rangi tu.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 mji wa zamani wa Kilindini haukuwapo tena kama mji. Watu wake walikuwa wamehamia upande wa mashariki, wakakaa karibu na wale waliokuwa washindani wao, katika eneo linaloitwa sasa Mji wa Kale. Mnara wa matumbawe wa Mbaraki, ambao mapokeo yanauhusisha na Thelatha Taifa, ulibaki umesimama upande ule kama ushahidi wa makao ya kale. Wakilindini wenyewe waliendelea kuwa Wakilindini. Walikuwa hawana tena mahali pao pa kujitofautishia, wala hawakuacha kujitofautisha.

3. Kutamba kwa ulimi

Pambo la kwanza la mtu wa Mombasa lilikuwa ni ulimi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, ndiye mfano ulio dhahiri. Mashairi yake yalitungwa mbele ya mshindani na kwa ajili ya masikio ya watu waliomjua mshindani huyo. Siasa za Wamazrui, ugomvi wa Mombasa na Lamu, madeni, mapenzi na njaa, yote aliyaweka katika beti ambazo nguvu yake ni kujibu au kungojea jibu. Laiti mashairi hayo yangekuwa ya mtu mmoja aliyejifungia, yasingekaa vichwani mwa watu mpaka yakaandikwa. Yalihifadhiwa kwa sababu mji mzima ulishiriki kuyapima. Shukrani kubwa ni kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, na kwa W. E. Taylor aliyeyakusanya pamoja naye.

Kimvita chenyewe kilikuwa alama. Mtu akisema ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, alijulikana papo hapo. Na ndani ya Kimvita mlikuwa na tofauti nyembamba zaidi za mtaa na ukoo, ambazo sikio la mgeni haliwezi kuzikamata. Yafaa ikumbukwe kwamba mkutano wa mwaka 1928, ulioamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja, ulifanyika Mombasa. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, kwani Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea barani kwa njia za misafara na shule. Lakini kwa wasemaji wa Kimvita ilikuwa kama kualikwa karamu nyumbani kwako, kisha ukaambiwa ukae mkekani na wageni. Lahaja yenye urithi mkubwa wa ushairi iligeuzwa kuwa kosa katika daftari la mwanafunzi. Washairi wa Mombasa walioendelea kutunga kwa Kimvita baada ya hapo walikuwa wakifanya jambo ambalo Muyaka hakuhitaji kulifanya: kushikilia kwa hiari tofauti ambayo zamani ilikuwa ni hali ya kawaida tu. Mtu wa Mji wa Kale asemapo ndia leo, mara nyingi anajua kwamba angeweza kusema njia.

4. Beni na lelemama

Katika miaka ya 1890 ilizuka katika miji ya mwambao wa Kenya ngoma mpya iliyoitwa beni. Jina lake lilitokana na neno la Kiingereza litajalo kundi la wapiga muziki, na vyombo vyake, gwaride lake na vyeo vyake viliigwa kutoka kwa majeshi, manowari na shule za misheni, kama ile ya watumwa waliokombolewa huko Freretown, ng'ambo ya kisiwa. Huko Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na hawa wa pili waliiga mavazi ya askari wa Scotland. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ngoma hiyo ilienea Tanganyika yote, na huko washindani wakuu waliitwa Marini na Arinoti.

Watazamaji wa Kizungu walicheka walipoona wachukuzi na watumishi wa nyumbani wamejipa vyeo vya jenerali na mfalme. Kisha wengine wakaogopa, wakadhani ni njama. Wote wawili, aliyecheka na aliyeogopa, walidhani kwamba mchezo ule uliwahusu wao. Lakini Kingi hakuvaa nishani ili Mzungu amwone. Alivaa ili Skochi amwone. Mgawanyo wa mji ulikuwako kabla ya beni, na beni iliupa mavazi mapya. Mtu aliyebeba mizigo mchana kutwa kwa ujira wa kibarua alikuwa usiku na cheo, na cheo hicho kilikuwa cha kweli kwa sababu watu wa chama chake walikichagua na watu wa chama cha pili walikionea wivu.

Wanawake walikuwa na uwanja wao. Katika lelemama, vyama vya wanawake vilishindana kwa nyimbo, mavazi na karamu, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada viliugawa mji mara mbili. Ng'ombe walichinjwa, wali ukapikwa kwa masufuria makubwa, na wenye kualikwa walihesabu vyote ili wajue la kulipa zamu yao itakapofika. Zilikuwako shughuli ambazo wanawake walivaa mavazi ya kiume na ya kijeshi. Katika vyama hivyo walikuwamo wanawake wa nasaba za kiungwana na wanawake ambao mama zao walikuwa watumwa. Utumwa ulikomeshwa rasmi katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kwa binti wa mtumwa, kupewa cheo katika chama, kuvaa sare moja na binti wa bwana wa zamani, na kusimama naye mstari mmoja mbele ya mji, halikuwa jambo dogo. Lilikuwa tangazo ambalo hakimu asingeweza kulitoa.

Hapa ndipo penye jambo linaloonekana kama kinyume. Watu waliotaka kujitofautisha walivaa sare. Lakini kinyume hicho hutoweka mara ikumbukwapo kwamba aliyepambanuka ni chama. Mwanamke mmoja mmoja alipata raha yake kwa kuwa sehemu ya kitu kilichopambanuka, na ndani ya sare alitafuta nafasi ndogo ya kuwa yeye: namna ya kufunga, namna ya kupiga hatua, sauti iliyopanda juu ya nyingine.

Si wote waliofurahi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, alitoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Kwa kalamu yake alikemea israfu na uigaji wa mambo ya Wazungu, akawahimiza Waislamu waweke fedha na juhudi zao katika elimu. Hoja yake haifai kudharauliwa. Waswahili wa wakati huo walikuwa wakipoteza ardhi, na shule zilikuwa chache. Nyumba iliyowekwa rehani kwa ajili ya karamu ilikuwa hasara isiyorudi. Hata hivyo yafaa kutambua kwamba Sheikh naye alikuwa akitaka watu wake wapambanuke. Alichokipinga ni alama walizozichagua.

5. Leso na jina lake

Katika vitu vyote vya kujipambanua, hakuna kilichokuwa rahisi kufikiwa na mtu wa kawaida kama leso. Neno lenyewe ni la Kireno, na hapo mwanzo lilitaja kitambaa kidogo. Vitambaa hivyo vilishonwa pamoja vikawa nguo moja pana. Baadaye viwanda vya ng'ambo vilichapa nguo nzima, na jina leso likabaki Mombasa ambapo kwingineko husemwa kanga. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alifungua duka Mombasa mwaka 1887, na alama ya Mali ya Abdulla ikawa maarufu mwambao mzima. Ni katika mapema ya karne ya 20 ndipo leso zilipoanza kuchapwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa herufi za Kirumi.

Maneno hayo Mombasa huitwa jina, na tabia ya jina la leso yaifafanua hoja ya makala haya vizuri. Leso huchapwa kwa maelfu. Doti moja inayovaliwa na mwanamke wa Kibokoni huvaliwa pia na mwanamke wa Likoni. Upekee wake hautoki dukani. Unatoka katika siku iliyochaguliwa kuivaa, mlango uliopitwa nayo, na jirani aliyekusudiwa kuisoma. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kuvaa jina jipya alipata raha ya kutangulia. Na aliyelivaa la zamani kwa wakati muafaka alipata raha iliyo kubwa zaidi, kwani alionyesha kuwa hategemei upya wa duka bali akili yake.

6. Tembo, ndovu na bia

Imebaki kuzungumzia vinywaji, na hapa suala la Kilindini linakuwa gumu zaidi, kwa kuwa kwa mji wa Kiislamu ulevi ni haramu. Katika Mji wa Kale aliyejipambanua kwa heshima ni yule asiyekunywa, na wengi waliokunywa walifanya hivyo kwa siri. Lakini pembezoni mwa mji na bara yake, kinywaji cha mnazi kilikuwa na adabu zake za kale. Miongoni mwa jamaa za Wamijikenda kilitumika katika posa, mazishi, mashauri ya wazee na tambiko. Mgema alipanda asubuhi na jioni na kotama yake, akakata karara na kukinga kinachodondoka. Tembo la asubuhi ni tamu. Likikaa, huwa kali. Mnywaji wa kweli alijua tofauti ya mti na mti, na ya siku na siku, na zaidi ya yote alimjua mgema wake. Raha yake haikuwa kulewa tu. Ilikuwa kuonja tone na kusema, mbele ya wenziwe, limetoka wapi na lina saa ngapi. Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji yaonyesha kwamba sifa hizo zilitolewa na kwamba zilikuwa na hatari zake. Mwenye kupambanuka akikosa watu wa kumpima, huharibika.

Kwa mtaalamu wa lugha, neno tembo lina kisa cha ziada. Katika Kimvita tembo ni kinywaji cha mnazi, na mnyama mkubwa mwenye pembe huitwa ndovu. Barani, neno tembo hutumika kwa mnyama. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia karibu na Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu alipokuwa mawindoni, na bia ya kampuni hiyo ikapewa jina Tusker, yaani ndovu dume mwenye pembe kubwa, na picha yake ikawekwa katika chupa. Hivyo bia ya bara ilifika mwambaoni ikiwa na picha ya mnyama ambaye jina lake la bara, kwa mtu wa Mombasa, lilikuwa tayari ni jina la kileo. Wala pembe hazikuishia katika chupa. Mwaka 1952, kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, pembe kubwa za sanamu zilisimamishwa juu ya barabara ya Kilindini, iitwayo sasa Moi Avenue. Zilitengenezwa upya mwaka 1956, na zimekuwa alama ya mji.

Bandari ya kisasa ndiyo iliyoleta wanywaji wapya. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, na mwaka 1926 gati mbili za kwanza za maji marefu zilifunguliwa Kilindini. Waliokuja kupakua meli walikuwa Wamijikenda, Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya na wengineo, wengi wao wakiwa vibarua waliotafuta kazi kwa siku. Jina la taifa moja la Waswahili likawa jina la bandari ya Afrika ya Mashariki, na watu walioishi kwa jina hilo wakawa wachache miongoni mwa umati uliokusanyika. Vibarua hao walileta pombe zao za nafaka, wakajifunza tembo la wenyeji.

Bia ya chupa, hata hivyo, ilikuwa jambo lingine. Katika Kenya ya kikoloni sheria iliwakataza Waafrika vileo vya namna ya Kizungu, na katazo hilo kwa upande wa bia lilianza kulegezwa baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kibarua wa Kilindini aliweza kulibeba kasha la bia kutoka melini mpaka ghalani, lakini kuinunua chupa iliyomo kulikuwa kosa. Sheria iligawa watu wa mji kwa kigezo cha kuwa wenyeji au wasio wenyeji, na kigezo hicho kiligusa kodi, makazi na haki nyinginezo. Ndiyo sababu Thenashara Taifa walipambana kwa miaka mingi juu ya jina la kuitwa, na mwaka 1927 wakaunda chama chao, Afro-Asian Association. Wao walikuwa wakidai hadhi na kura. Wala bia haikuwa shabaha yao. Lakini mantiki ya sheria ilikuwa moja: serikali ilikuwa imejitwalia kazi ya kugawa alama, kazi ambayo zamani ilifanywa na mji wenyewe kwa ngoma, karamu na mashairi.

Tokeo lake laweza kutabiriwa. Kitu kilichokatazwa kilipata heshima ambayo ladha yake peke yake isingekipa. Askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walikuwa wamekwisha kunywa bia jeshini. Karani aliyeweza hatimaye kuagiza chupa, akaiweka mezani na bilauri kando yake, alikuwa akinywa pia ule ukweli kwamba zamani asingeweza. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa siku kumi na mbili wakidai ujira na maisha bora. Dai la chupa halikuwa katika madai yao, wala halifai kulinganishwa nayo kwa uzito. Lakini yote mawili yalizaliwa na chuki ile ile ya kuhesabiwa mtu wa daraja ya chini kwa amri.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 bia ya chupa ilienea, na ilipoenea ilipoteza nguvu ya kumpambanua mtu. Hapo ndipo watu walipoanza kutafuta tofauti ndani ya bia yenyewe. Mmoja alikuwa mtu wa Tusker mwenye ndovu wake, mwingine wa White Cap mwenye Mlima Kenya, mwingine wa Pilsner mwenye simba. Mhudumu wa baa huuliza kama chupa iwe baridi au ya moto, yaani isiyotiwa barafu, na wapo wanaoshikilia ya moto hata katika joto la Mombasa, wakiwaona wenziwao kuwa hawaijui ladha. Mtu ambaye hamwelewi mnywaji wa bia ya moto karibu na bahari na amkumbuke yule aliyemjua mgema wake. Ni mtu mmoja katika nyakati mbili. Mwaka 2004 ilipotolewa bia ya bei nafuu ya mapipa iitwayo Senator, ikikusudiwa kwa watu wa kipato kidogo, wanywaji waliibatiza Obama. Waliopewa kinywaji cha daraja ya chini walikipa jina la mtu mkubwa, kama vile wachukuzi wa beni walivyojipa vyeo vya majenerali.

7. Hitimisho

Mifano iliyotolewa imetoka katika nyanja mbalimbali, na haikukusudiwa kuonyesha kwamba shairi la Muyaka na chupa ya bia vina thamani moja. Kinachoviunganisha ni utaratibu. Katika kila mfano, kujipambanua kulihitaji mambo matatu: alama inayoeleweka na wote, mshindani aliye karibu kwa hali na mahali, na watu wa kuamua. Palipokuwa na mambo hayo matatu, hata mtu asiyekuwa na mali wala nasaba aliweza kupata sehemu ya heshima, na mji uliweza kugawanyika bila kuvunjika. Palipokosekana watu wa kuamua, mgema alitia maji. Na alama zilipogawiwa kwa sheria, raha iliondoka, ikabaki chuki ya waliokatazwa na woga wa walioruhusiwa.

Kwa wanafunzi wa lugha upo wajibu unaotokana na hayo. Majina ya leso, vyeo vya beni, msamiati wa wagema na majina ya kupanga ya vinywaji ni hazina ya historia ya jamii, na sehemu kubwa yake haimo katika kamusi. Tofauti nyembamba za matamshi kati ya mtaa na mtaa wa Mji wa Kale zimo katika hatari iyo hiyo. Wazee walioweza kumtambua Mkilindini kwa neno moja wanapungua, na bandari iliyochukua jina lao haiwezi kuyajua hayo kwa niaba yao. Kuyaandika mapema, kabla wa mwisho kati yao hajaondoka na sikio lake, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa idara zetu za lugha, na haingojei fedha nyingi.